Kofi la Kushoto

Kwa miaka sita amplifaya yetu imeishi kwa kofi.
Ikinyamaza upande wa kushoto, Nkwabi huinuka,
huichapa ubavuni, kiganja kimoja, si kikali,
kama unavyompiga mgongoni mtu aliyepaliwa,
nayo hukohoa, huimba.
Watoto wa Isevya wote wanajua
pa kupiga, na kwa nguvu gani.

Jana kofi limekataa.
La pili. La tatu, la hasira.
Kulia inaimba; kushoto inaguna tu,
mmmm,
kama mtu anayeitikia asichokisikia.

Na Jumamosi Sizya anamtoa mwanawe nje,
ameshalipa nusu, na nusu yenyewe tumeshaila.
"Niipeleke kwa fundi Gongoni," anasema kaka yangu.
Nasema: acha. Ondoa michembe mezani.

Skrubu kumi na moja ndani ya kifuniko cha asali.
Ya kumi na mbili ilipotea kabla yetu.
Chini ya bati, vumbi la harusi za watu,
mbawa za kumbikumbi, na mjusi
aliyekauka juu ya transfoma:
alikuja kuota joto, akalipata lote.

Usiguse bado.
Waya umetoka ukutani, umeme haujaondoka;
umo ndani ya zile kapasita mbili nene
kama mgeni aliyekwisha aga, viatu miguuni,
na bado anazungumza mlangoni.
Namtoa kwa balbu ya wati sitini.
Uzi wake unaona haya, unaiva wekundu, unafifia.
Sasa ndiyo kwaheri.

Halafu mita.
Fyuzi nzima. Transista za nguvu, zote nne, nzima.
Nilitamani walau moja iwe imekufa.
Ugonjwa wenye jina una bei,
unauliza dukani, unapunguziwa, unalipa.
Nawasha, nahamisha waya,
wa kulia uende kushoto, wa kushoto uende kulia:
mguno haukuhama.
Basi si simu, si waya. Ni humu.

Saa tatu umeme ukakatika mtaa mzima.
Tukakaa. Nkwabi akatafuna michembe gizani,
nikamsikia kila jino.
Uliporudi alikuwa amelala kitini.

Nikachukua kijiti cha mshikaki,
nikafungulia sauti ndogo, nikaanza kugonga,
kiungo kimoja kimoja, bila haraka.
Hapa, mguno.
Hapa, mguno.
Hapa,
sauti ikaruka kama samaki, ikazama tena.

Nikazima. Nikamsindikiza mgeni wangu mara ya pili.
Nikageuza ubao chini ya taa:
kwenye mguu wa tundu la kushoto
lehemu imepasuka kwa duara,
ufa mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
pete iliyozunguka kidole isikishike.

Hiki tu.
Kila kofi lilikuwa linaufumba ufa kwa jioni moja
na kuuongeza kidogo, kidogo.
Nkwabi, aliyeamshwa na harufu ya sandarusi,
akatazama. Hakusema. Aligeuza kiganja chake
akakisoma kama risiti.

Tone jipya likayeyuka, likang'aa,
likafifia mng'ao, likaganda.
Nikalipulizia, ingawa haifai, nilijua haifai.

Skrubu kumi na moja.
Akawasha yeye. Kushoto, kulia, kote,
hata jirani akagonga ukuta: jamani, usiku huu!
Tukapunguza.

Ule wimbo ukaisha, na kabla ya wa pili kuanza
kukawa na kimya kile cha kawaida,
sekunde moja, mbili,
nikaona mkono wa Nkwabi tayari uko hewani,
umefika nusu ya njia, hauna pa kutua.

Akakuna kisogo.
Akauliza kama michembe imebaki.