Kadi za Manjano

Sanduku limefika Jumanne, gundi yake imekakamaa,
Winipegi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nalipasua kwa ufunguo wa nyumba.
Ndani, riwaya mpya za watoto, migongo haijavunjwa,
kurasa zimeshikana kama kope za aliyeamshwa alfajiri.

Kazi yangu ni kadi. Kila kitabu
cha wenye miaka minane hadi kumi na miwili
hupata kadi ya manjano, sentensi tatu,
chini jina langu, Mwanakheri,
juu imeshapigwa chapa: TUNAPENDEKEZA.
Sisi nani? Mimi, na bakuli la dengu linalopoa.

Mama angesema kizuri chajiuza.
Mama hakuwahi kumuuzia hadithi
mtoto mwenye simu mfukoni.

Basi naandika.
Msichana anayehifadhi sauti za waliohama
kwenye chupa za achari: "Kinafundisha ujasiri."
Naichana. Ujasiri! Kama dawa ya minyoo,
kijiko asubuhi, kijiko jioni.
Mbwa wakili anayemtetea kunguru mahakamani:
"Utavunjika mbavu." Hiyo naiacha.
Ndugu wawili waliorithi friji
inayosengenya majirani usiku:
hapa kalamu inagoma. Hiki sijakimaliza.

Saa tisa na nusu kengele inalia ng'ambo ya barabara,
wanaingia na theluji viatuni, wanaacha vidimbwi.
Jomari wa darasa la tano hasomi kadi.
Ananisoma mimi.

"Umevisoma vyote?"
"Karibu vyote."
"Hiki, nani anakufa?"
Nawaza kidogo. "Babu. Sura ya tisa."
"Na hiki?"
Najifanya natafuta miwani.
"Kila mara babu," anasema,
anakirudisha rafuni kichwa chini miguu juu.
"Kitabu kikiwa na nishani kwenye jalada,
ujue babu amekwisha."

Nyuma yake, kati ya milango miwili ya vioo,
mzee ameketi kwenye benchi.
Kando yake mtungi wa hewa wenye magurudumu,
umevalishwa skafu ya timu ya hoki.
Ananipungia mkono. Nami nampungia.

"Nitafutie kimoja," anasema Jomari,
"ambacho anafika mwisho."

Jioni nasoma kwenye basi, napitiliza vituo viwili.
Nasoma jikoni, koti sijavua.
Friji inasengenya. Ndugu wanagombana, wanapatana,
jirani wa ghorofa ya juu anahama kwa aibu.
Na babu yumo, nilikuwa nimemruka:
amelala kochini tangu sura ya pili,
anakoroma ukurasa wa arobaini,
anakoroma wa tisini,
na ukurasa wa mia mbili na nne
koromo linakatika.
Naweka kidole kwenye mstari. Siendelei.
Nachemsha maji, nayasahau.
Narudi.
Babu anaomba chai.

Kadi mpya:
"Babu hafi. Nimehakiki hadi jalada la nyuma.
Pia kuna friji."

Msimamizi wangu, Bi Lorna, anasema
hilo si pendekezo, ni kuvujisha siri.
Huenda. Kitabu hakikulala rafuni hata usiku mmoja.

Wiki tatu baadaye kimerudi kwenye tundu la ukutani.
Aliyekileta sikumwona,
ila sakafuni, kati ya milango ya vioo,
michirizi miwili ya maji, myembamba, ya magurudumu.
Kitabu kinanuka chungwa.
Ukurasa wa mia mbili na nne umekunjwa pembe,
na kadi yangu, niliyodhani imepotea, imo humo humo,
na maandishi ya penseli yanayopanda mlima:

*Kweli. Vijiko vitatu vya sukari.*

Kanuni inataka nifute.
Raba iko kwenye droo,
na droo, tangu Krismasi, inakwama.