Msinipumzishe

Twalibu amekuja na fundi kutoka Langoni
kupima ukumbi wa chini kwa utepe.
"Mama, kitanda tukishushe. Ngazi hizi zitakumaliza."
Fundi akaandika nambari kiganjani.
Nikawapikia chai, nikawasikiliza wanavyonipanga:
hapa choo, hapa kiti, hapa dirisha
nitazame kwato za punda na miguu ya wapitao.

Ngazi zenyewe ishirini na tatu.
Nazijua kama meno yangu, yaliyopo na yasiyopo.
Ya saba imelika katikati,
nyayo za mama mkwe, na zangu juu ya zake.
Ya kumi na nne ina kona; hapo hupumua.
Juu kuna jua, kamba ya nguo,
na mrihani wangu kwenye kopo la samli.

Haya yalianza goti la kushoto lilipovimba.
Mwanaidi akaninyang'anya kinu.
Kisha ndoo. Kisha ufagio. Kisha mbuzi ya nazi.
"Kaa, mama. Pumzika. Umefanya kazi ya kutosha."
Nikakaa. Nani hukataa heshima?
Nikakaa mpaka mfupa ukasahau kazi,
mpaka kuinuka kukawa safari ya kuagwa,
nikawa nasali juu ya kiti cha plastiki,
paji langu likisujudu hewani.

Hospitalini kijana wa Kitui, jina lake Mutinda,
hakunipa dawa. Alinipa kiti.
"Inuka, bibi, bila mikono. Kaa. Inuka tena. Mara kumi."
Nilicheka mpaka buibui likaniteleza.
Nimekuja na presha yangu na goti langu,
wewe wanifanyisha gwaride?
Akasema: goti ni bawaba,
na bawaba isiyofunguliwa hushika kutu.
Mtoto wa bara, lakini milango anaijua.

Nikaanza na nne. Ya tano nilishika ukuta.
Mjukuu wangu Raya akahesabu kwa sauti ya mwalimu,
akinipunja: mbili aliziita moja.
Baada ya alasiri Bi Mwanate hunipitia
twende njia ya Shela, mpaka mchanga unapoanza,
viatu mkononi, tukisengenya,
na kusengenya nako kwataka pumzi.
Wiki ya kwanza, neno moja kwa hatua kumi.
Sasa twamaliza ukoo mzima kabla ya kugeuka.
Vijana wa barazani: "Bibi, mwakimbilia wapi?"
Bi Mwanate: "Twakimbia nyinyi msitubebe."

Kuna siku goti hulia kama mlango wa ghala.
Siku hizo sitoki. Sisemi na mtu.

Bi Shamsa, wa nyumba ya tatu, walimshusha mwaka jana.
Kitanda kizuri, feni, kengele ya kuitia.
Ngazi hakuzikanyaga tena.
Mwezi wa Shaabani watu wakaulizana njiani,
wakajibiana kwa sauti ya chini:
Bi Shamsa amepumzika.
Nikasimama na kikapu changu cha ndimu.
Neno ni lile lile, Twalibu.
Lile lile mnaloniambia kila asubuhi kwa mapenzi.

Leo alfajiri nilikisogeza kiti ukutani.
Rakaa ya kwanza magoti yalishuka moja moja,
moja likimngoja mwenziwe.
Paji likafika.
Mkeka unanuka vumbi na udi wa juzi.
Kuinuka nilichelewa; malaika, nadhani, walisubiri.
Ya pili niliisali kitini. Sina haja ya kuwadanganya.

Basi mwongeze fundi chai. Kazi ipo, asirudi bure.
Mwambie utepe aupandishe:
atie kishikio cha mti ukutani,
tangu ngazi ya kwanza hadi ya ishirini na tatu,
upande wa goti bovu,
na akipime kwa kimo changu,
si chako.