Kofia Moja

Mama Nyanchera, usinikunjie uso.
Hamsini yako naijua, na kengele ya shule naisikia,
lakini leo sipakii watatu.

Jana, pale mteremko wa Mwiki,
Bosire alisinzia juu ya tangi.
Nilihisi shingo yake ikilegea,
kichwa kikigonga usukani, ko, ko,
kama mtu abishaye hodi
kwenye nyumba asiyoijua.
Nikabana breki kwa vidole viwili,
mkono wa kushoto nikamkumbatia;
lori la mchanga likatupita
na upepo wake ukatuvuta sote.

Hakuamka.
Nyuma, Nyanchera alikuwa akihesabu mashimo kwa sauti.
Alikuwa amefika kumi na saba.

Jioni sikukwambia. Niliosha pikipiki,
nikaosha tena palipokwisha kutakata.

Kofia ninayo moja, ya mtu mzima.
Ukimvika mdogo inammeza hadi kidevuni,
anacheka humo ndani kama yuko mtungini.
Miguu yake haifiki vikanyagio.
Mpaka ifike, atembee nawe, mkono kwa mkono,
ng'ambo ya mtaro, ukingoni mwa ukuta wa kanisa.
Hawa wakubwa nitawapeleka mmoja mmoja;
safari ya pili usinilipe.

Watachelewa, ndiyo. Mwalimu atawafokea
mbele ya gwaride zima,
wamesimama vumbini, soksi zimeteremka,
wote watatu,
wazima.