Mapigo Manne

Miaka thelathini na mmoja nililala ubavuni mwa injini
za tagi, Kilindini, chini ya mstari wa maji,
injini ambazo ndani ya silinda moja ungeweza kuogeshea mtoto.
Leo nimeshika injini inayoenea kiganjani
kama ndimu mbili, na mkono unatetemeka.

Kirit amezipanga tatu juu ya kioo cha kaunta,
nyuma ya spea za cherehani.
"Chifu," anasema, "chagua."
Chagua! Kana kwamba ni viatu.

Sisi wa tagi tulikuwa na sheria moja: ongeza.
Meli haivutiki? Ongeza. Mkondo mkali? Ongeza.
Uzito si neno, bahari ndiyo inayobeba.
Lakini hewa haimbebi mtu bure, yakhe.
Ndege ya Shufaa ni kilo mbili na robo, mbao ya balsa
na karatasi niliyoibandika usiku, feni nimeizima isije ikaipeperusha;
ukiipa pua nzito itainamisha kichwa kama mfiwa,
haitakubali kulala chali,
haitasimama wima ikining'inia kwa pangaboi lake tu.
Na hilo ndilo atakalo Shufaa. Ana miaka kumi na mitano.
Hataki ndege ya kwenda.
Anataka ndege ya kukataa kuanguka.

Ya kwanza ni mota ya umeme. Safi, haina moshi.
Betri zake nimezipigia hesabu: dakika saba za kuruka,
saa nzima ya kuchaji, na stima za Changamwe tunazijua.
Halafu hainuki. Siwezi kukiamini kitu kisichonuka.

Ya pili, mapigo mawili, sentimita kumi za ujazo,
nyepesi, kali, haina valvu za kusumbua,
mafuta yake yamechanganywa na ya mbarika,
yale bibi aliyotuharishia kila mwisho wa mwezi.
Kirit akaiwasha uani, imebanwa kwenye jiriwa.
Nikafunga sindano kidogo, nikafunga tena,
nikisubiri ule mlio wa juu
unaokwambia: hapo, sasa rudi robo, usiichome.
Shufaa akaziba masikio.
Kirit akaziba masikio.
Mimi nikasubiri.

Pangaboi linazunguka, malaika ya mkono yanalala kwa upepo,
moshi unanipiga usoni,
na mlio hamna. Kama mbu nyuma ya ukuta.
Tagi zimechukua sauti zote nyembamba:
za ndege wa asubuhi, za simu, ya mke wangu akiita kutoka jikoni
(hii ya mwisho yeye husema ni uongo).

Nikazima.
Nikajifanya napangusa mafuta.

Ya tatu ilitoka Nairobi, ya mkono wa pili, mapigo manne,
na bei ya kumtoa mtu machozi.
Inamzidi mwenzake kwa gramu mia.
Mwenyewe aliifungia sindano kwa hewa ya kule juu,
nyepesi kama uji wa mgonjwa;
hewa yetu nzito, inadai mafuta zaidi,
kwa hivyo ikakohoa, ikazima, ikakohoa.
Nikaifungulia nusu mzunguko.

Tu-tu-tu-tu.

Nikasikia. Chini kabisa, kifuani,
tagi ndogo kwa sababu iko mbali.
Nikaijua inaponyimwa, nikaijua inaposhiba.

Kirit akaanza habari za gramu.
Betri ya rimoti tutaisogeza nyuma, nikamwambia, uzito utajipanga.
Pangaboi la inchi kumi na nne ndilo zuri la kuning'inia.
Yote kweli. Nilisema kweli tupu
na sikusema sababu.

Shufaa alikuwa ananitazama.

Jumamosi, uwanja wa udongo mwekundu, Miritini,
akaipandisha wima, akaipunguza,
ikasimama juu ya mkia, ikitetemeka, ikikataa.
Mgongo kaniegemezea, macho juu, vidole kwenye rimoti.
"Nisikilizie, babu. Mimi naangalia, wewe sikiliza."

"Bado kidogo," nikamwambia.
"Ongeza."