Kichanja cha Bundi

Mbao tulipewa na Mfaume, fundi seremala:
mabaki ya jeneza. Sitaficha.
Kipimo kilizidi, marehemu akaonekana mfupi,
zikabaki futi mbili kila upande.
Hatukumwambia mtu.
Mnyambe yote ilikuwa imeshasema ya kutosha:
watu sita, na akili zao,
wanamjengea mchawi nyumba.

Somoe muuza vitumbua alishika ngazi,
yeye haogopi kitu isipokuwa deni.
Shaweji alikuja na nyundo ya kuazima.
Mapacha wa Nangumbi walibeba kamba na kubishana.
Mwalimu wa hesabu alipima kila ubao mara tatu,
akakosea mara mbili.
Na mimi, mwenye sababu.

Sababu yangu ni hii.
Mimi ndiye mtunza ghala la chama.
Mwaka juzi panya waliingia,
wakatoboa magunia ya korosho
mmoja mmoja, kama watu wanaotia saini.
Nikaenda Kitangari sokoni, nikanunua sumu,
ile pakiti yenye panya aliyelala chali,
nikaichanganya na dagaa.

Panya walikufa. Sikatai.
Siku ya nne, alfajiri, nikamkuta bundi kizingitini,
mbawa zimetandazika kama kanga iliyodondoka kambani,
uso mweupe, macho hayajafumba vizuri,
na mguuni mwake mkia wa panya.
Watu wakajaa. Mchawi kanaswa!
Wakanipa mkono. Mjumbe akaninunulia soda.
Nikainywa.

Mvua za kwanza, panya wakarudi
na ukoo wao.
Hakuna aliyeninunulia soda.

Bundi hajengi. Hana ufundi wa kusuka majani,
hutafuta pango, dari, shina lililooza,
na sisi mashina yaliyooza tulishayachoma mkaa.
Ndiyo maana tukapanda na vichanja,
kimoja kwenye msufi wa shule,
kimoja nyuma ya ghala,
cha tatu mpakani mwa shamba la Bi Esha Namtipa,
aliyesimama chini na jembe, hakulitumia.

"Usiku aliokata roho mume wangu," alisema,
"alilia juu ya paa hili hili."

Mwalimu akasafisha koo: ndege alilia kila usiku, mama,
mauti yalikuja usiku mmoja tu,
kwa hiyo kihesabu—
Nikamkanyaga mguu.
Hesabu haijawahi kuosha maiti.
Tukashuka. Tukamwomba radhi.
Kichanja tukakiacha, hakutuambia tukitoe.

Cha msufi walikalia nyuki.
Cha ghala kilipotea; wiki ya pili nikakiona
uani kwa mtu, kimeanikwa sufuria na vikombe,
na kwa kweli kilimfaa.
Shaweji alirudisha nyundo, akaacha kuja.
Somoe aliuliza kama tumefukuzwa au tumechoka,
maana anataka kujua atafute kazi gani nyingine ya Jumapili.

Kisha mwezi wa saba, mikorosho inatoa maua,
nikapita mpakani kwa Bi Esha.
Chini ya kichanja: madonge meusi
ya manyoya na mate, yamekauka.
Nikayapasua kwa kijiti.
Fuvu, meno ya njano. Fuvu. Fuvu.
Mwalimu nilipomwonyesha alihesabu manane,
safari hii hakukosea.

Bi Esha hajasema neno.
Amehamishia kitanda chumba cha pili, upande wa barabara,
na asubuhi hufagia uwanja hadi karibu na mti,
karibu tu, haugusi.

Mimi je? Usiku anapopasua kile kiyowe chake,
si mlio, ni kitambaa kinachochanwa gizani,
nywele bado zinanisimama.
Mama yangu alinifundisha kutema mate na kusema jina la Mungu.
Ninatema. Ninasema.
Halafu ninalala macho wazi,
nikisubiri alie tena,
nikihesabu magunia.