Pindo

Mama akisikia nimekwenda chamani
huuliza zamu yangu ya kupokea ni lini.
Si cha mzunguko hiki, mama.
Ni cha madaktari wa uti wa mgongo.
Hapa hapokei mtu, kila mtu hutoa,
na wengine hata kutoa hawatoi.
Mimi mweka hazina tu. Kazi yangu kuhesabu.

Upper Hill, ghorofa ya nne, Jumamosi.
Chai katika chupa mbili, moja inavuja.
Wanachama mia na kumi na wawili daftarini;
waliolipa ada, thelathini na tisa.
Hazina ya utafiti, baada ya makato ya benki:
laki nne, elfu kumi na sita,
na senti ambazo hakuna anayezitaja.
Maombi matatu.

La kwanza linataka mashine.
Nzuri, ina picha za rangi,
ila bei yake ingetuuza sisi na viti tulivyokalia.
La pili limeandikwa kwa umahiri
na mtu ambaye tangu mwaka juzi
hajarudisha risiti za pesa za kwanza.
La tatu kurasa sita, la Dakta Syombua Kilonzo:
"Fundi Cherehani kama Mpimaji wa Kwanza."

Kicheko kikazunguka meza.

Yupo fundi Kawangware, anasema,
Bi Rispa Amunga, mshonaji wa sare za shule.
Miaka ishirini na mitatu yu magotini,
pini midomoni, chaki mkononi,
akisawazisha mapindo ya sketi za wasichana.
Na mara moja moja pindo hukataa.
Akishusha kushoto, linapanda kulia.
Hukipima kitambaa upya; kitambaa hakina kosa.
Ndipo akajua, bila kusomea popote,
kwamba kilichopinda si sketi.
Majina kumi na tisa ameyaandika
nyuma ya kalenda ya duka la vitambaa.
Kumi na mmoja wamepigwa eksirei.
Tisa wana mgongo uliokwenda kombo:
nyuzi ishirini, nyuzi thelathini na mbili,
nyuzi arobaini na moja.
(Nyuzi. Fundi na daktari neno lao ni moja.)

Anaomba laki tatu na nusu:
mafundi arobaini, wasichana elfu moja na mia mbili,
chaki, nauli, eksirei kwa bei ya huruma.

Profesa Gachanja akavua miwani.
"Samaki mkunje angali mbichi," akasema,
akaridhika na nafsi yake.
Sisi hatukunji, Profesa, tunakunjua,
nikajibu, moyoni. Mweka hazina hana kura.
"Na fundi akikosea?" akauliza mwingine.
"Ndiyo maana naomba pesa," akasema Syombua.
"Ningekuwa najua, nisingeomba."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama.

Makongeni, darasa la saba, dada yangu Kageha.
Kila Jumatatu mwalimu wa zamu alimchapa
kwa sketi iliyoning'inia upande.
Kila Jumapili usiku, mama, kwa taa ya kibatari,
akifumua pindo, akishona, akifumua,
akimgombeza asimame wima.
Nimesimama, mama.
Simama!
Nimesimama.

Wakampa laki mbili na themanini.
Wasichana wakapungua, wakawa mia tisa;
nani amewafuta, hakuna aliyeuliza.
Hundi inataka sahihi tatu, na wa tatu
yuko Eldoret mpaka Alhamisi.

Jioni mama akauliza kama kawaida:
"Leo kapokea nani?"
Nikamwambia. Fundi, chaki, sketi, yote.
Akanyamaza muda mrefu, mkono
ukilainisha ukingo wa leso yake, ukirudia,
palepale, palepale.
Kisha akafungua fundo.
"Chaki siku hizi," akasema, "ni shilingi ngapi?"