Dakika Tisa

Mwisho wa reli, Gdansk, Januari,
tramu namba sita hupumzika dakika tisa.
Zamani Bogumila alizivuta zote:
sigara moja na nusu, mgongo kwenye nguzo,
akilaani theluji, na ratiba, na bosi.

Hakuacha kwa ajili ya mapafu.
Daktari alionya, mwanawe alilia,
moshi ukaendelea.
Aliacha siku alipopiga hesabu nyuma ya tiketi:
dakika tisa, mara saba, kila siku ya kazi.
Saa nzima, na chenji juu!
Na yeye miaka kumi na miwili anaapa,
nikipata nafasi, nikipata nafasi.

Sasa milango ikishafungwa
huchomoa fidla chini ya kiti,
hupulizia vidole,
huanza palepale alipokatizwa jana,
katikati ya noti,
kama mtu amaliziaye sentensi baada ya chafya.

Hajui bado. Uzi wa tatu unalia kama breki.

Leo bwana Zdzislaw, abiria wa kwanza,
alifika mapema. Hakugonga kioo.
Aliinama kwenye theluji, taratibu,
kufunga kamba za buti
lisilo na kamba.